Mwalimu wa TP amepika faili, na sahihi inayotakiwa ni yangu

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha Kiswahili katika sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) hapa Eastlands, mojawapo ya hizi zilizopachikwa ndani ya shule za msingi. Niliingia mwaka 2023 kwa mkataba wa unagenzi, Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza, kisha nikaajiriwa kwa masharti ya kudumu mwanzoni mwa 2025. Nakueleza hayo ili ujue mimi si mkongwe. Nina miaka 29.

Muhula huu wa pili tumepokea walimu wanafunzi wanne waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita. Mmoja amewekwa chini yangu: kijana wa mwaka wa tatu chuo kikuu, Kiswahili na Dini. Siku ya kwanza naibu wa mwalimu mkuu alinikabidhi kwa maneno machache tu: "Madam, umepata msaidizi, sasa pumzika." Wenzangu wamepumzika kwelikweli. Vipindi vyote wamewaachia wale vijana, pamoja na kusahihisha madaftari, zamu ya langoni asubuhi na usimamizi wa usafi. Wenyewe wako ofisini na simu zao, na mmoja siku hizi anaonekana dukani kwake kuliko shuleni.

Mimi nilikataa. Mwaka ule wa 2023 niliachiwa Gredi ya 7 peke yangu, nikafundisha Kiswahili, Kilimo na hata masomo ya kiufundi ambayo sikuyasomea, bila mtu wa kuniuliza nimekwama wapi. Sikutaka mwingine apitishwe njia hiyo. Basi huwa naingia naye darasani, nakaa dawati la mwisho na daftari langu, naandika ninachokiona. Kipindi kikiisha nampa ile orodha. Kuna siku hufika kurasa mbili.

Si kwamba somo halijui. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha baadhi yetu. Tatizo ni kuwa anahutubia. Anaanza na "leo tutaangalia", anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia. Wanaojibu maswali ni wale wale wa safu ya mbele. Siku moja, tena katika somo la ngeli ya A-WA, aliandika ubaoni "Vifaranga vimekula mtama". Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ni wamekula?" Akamwambia aketi, aache kupotezea wenzake wakati. Darasa zima likanigeukia mimi. Nilinyamaza, na hadi leo sijui kama nilitenda sawa. Tangu hapo watoto wakitaka lolote wananijia mimi. Yeye wanamwita "wa TP". Akiwanyamazisha, wananitazama kwanza waone mimi nimekunja uso ama la.

Lililonifanya nikuandikie ni faili. Mhadhiri wake amekuja mara moja, bila taarifa. Akakagua faili, akakaa darasani nusu kipindi, akaongea naye kidogo kando ya gari, akaondoka. Alinikuta langoni akaniambia nihakikishe natia sahihi maandalio ya somo kila wiki, akirudi ayakute tayari. Nikaomba faili nilitazame. Maandalio ya mwezi mzima yameandikwa kwa kalamu moja na, naweza kuapa, usiku mmoja. Pale kwenye tathmini ya somo kila ukurasa unasema: "Somo lilifaulu. Wanafunzi walishiriki kikamilifu." Hata Alhamisi ile ambayo shule nzima tulikuwa uwanjani kushangilia timu yetu na hapakuwa na kipindi hata kimoja! Nilipomuuliza alicheka kidogo akasema, "Madam, kila mtu hufanya hivyo. Nisaidie tu, usinimalize."

Kesho yake nikaitwa na naibu. Kijana ameomba ahamishiwe kwa mwalimu mwingine, eti namkalia. Naibu akaniambia niache kujifanya mhadhiri. Wenzangu wamepata kichekesho. Siku hizi kijana hata saa ya chakula haji. Sisi walimu huchanga pesa za chakula kila wiki, yeye hajawahi kuchanga, na wakati huo utamwona maktaba na simu yake. Asubuhi pia huchelewa, anatoka Kahawa Wendani.

Mwisho wa muhula kuna fomu ya siri ya kujaza kuhusu kazi na mwenendo wake. Nitie sahihi? Nimwambie mhadhiri? Au nimwache aende kwa mwalimu atakayemwachia darasa na kumpa sifa tele? Kama ni maisha ya mtu nitakayoharibu, akiwa amebakisha mwaka mmoja tu, nieleze mapema.

Madam wa Gredi ya 8, Nairobi.

*

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Sahihi kwanza, kwa sababu hilo halina mjadala mrefu. Usitie. Sahihi yako juu ya andalio maana yake ni kwamba uliliona kabla ya somo kufundishwa. Ukiitia kwenye andalio la Alhamisi ya michezo, umeshuhudia kipindi ambacho hakikuwepo. Siku mtu akilinganisha faili hilo na rekodi ya vipindi anayojaza kiranja wa darasa, atakayeulizwa ni wewe mwenye nambari ya TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu. Kijana bado hajasajiliwa na Tume. Kwa macho ya serikali, hilo darasa ni lako mwaka mzima wa masomo, awepo mwalimu mwanafunzi asiwepo. Wenzako waliopumzika wangekumbuka hilo wangelala usingizi mwepesi kidogo.

Ila usikimbilie kwa mhadhiri. Mtafute kijana, muwe wawili tu, umwambie waziwazi: haya ya nyuma sitayatia sahihi, ama uyatoe ama uandike juu yake kwamba yaliandikwa baadaye. Kuanzia Jumatatu nitatia sahihi kila andalio nitakaloliona kabla ya kipindi, hata likiwa baya. Hapo pa "hata likiwa baya" usipapite haraka, maana ndipo penye msaada aliokuomba. Andalio baya lililoandikwa jana jioni mnaweza kulirekebisha leo saa nne kwenye chai. Lililopikwa baada ya mwezi halina la kurekebishwa, linapendeza tu.

Mwambie pia kwamba mhadhiri akikuuliza hutadanganya. Afadhali alijue hilo mapema, aamue mwenyewe kama atalieleza lile pengo la mwanzo au atangoja liulizwe. Mhadhiri aliyezoea kazi yake huwa anatambua wino mmoja kwa umbali wa mita mbili, na mwanafunzi anayesema "nilichelewa kuandika, sasa naandika" humsikiliza tofauti na yule aliyenaswa.

Kisha jiulize kwa nini faili linapikwa. Nimepokea walimu wa TP kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na karibu wote walikuwa wamejifunza jambo moja kabla hata ya kuniona: mhadhiri akishuka kwenye gari, kitu cha kwanza kuomba ni faili. Maazimio ya kazi, maandalio, rekodi ya kazi, rekodi ya maendeleo ya wanafunzi. Darasa linafuata baadaye, kama muda umebaki. Mtaala huu wa umilisi umeongeza visanduku vya kujaza: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko, nyenzo, hatua za somo, tathmini. Kwa kipindi cha dakika 40 mtu anaweza kumaliza saa nzima akiandika, na bado asiwe amefikiri hata kidogo kuhusu watoto watakaoketi mbele yake. Anayefika nyumbani usiku akiwa hoi ataandika kitu kimoja: kile kinachohesabiwa.

Kwa hiyo usimfundishe kujaza visanduku. Chuo kimeshamfundisha. Kaa naye Ijumaa alasiri watoto wakiwa michezoni, mwandike pamoja vipindi viwili vya kwanza vya wiki inayofuata, na muanzie mwisho. Muulize: kengele ikilia, yule mtoto wa pembeni kabisa, asiyenyoosha mkono, ataweza kufanya nini ambacho asubuhi hakuweza? Ajibu hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida, si cha silabasi. Akikwama, hana somo bado, hata kama ana kurasa tatu. Akijibu, visanduku vingine vitajijaza vyenyewe na hotuba itapungua bila wewe kuitaja, kwa sababu huwezi kulenga mtoto afanye kitu halafu uongee mwenyewe dakika 35.

Na ile sentensi ya "somo lilifaulu" ipige marufuku. Nimeisoma kwa miongo. Ingekuwa kweli, hii nchi isingekuwa na mtoto hata mmoja anayebabaika kwenye ngeli. Badala yake aandike jina la mtoto mmoja ambaye hakuelewa, alikosea wapi, na kesho atamfanyia nini. Mistari miwili inatosha. Hiyo haipikiki, kwa sababu ukitaka kuipika lazima uwajue watoto kwa majina, na ukishawajua kwa majina huna haja ya kupika.

Sasa nije kwako. Kukaa nyuma ya darasa ni sahihi, na wanaokucheka wanacheka kwa sababu kiti chako kinawasuta. Lakini ile orodha ya kurasa mbili, mama, iache. Hakuna binadamu anayerekebisha mambo ishirini kati ya leo na kesho. Wewe uliandika ukitaka kumpa kila kitu ulichonyimwa 2023. Yeye alisoma neno moja tu: huwezi. Umri wenu pia umekaribiana. Makali ya mwalimu wa miaka 55 angeyachukulia kama tabia ya wazee. Yakitoka kwa dada aliyemzidi miaka michache yanauma zaidi, na hilo utalazimika kulibeba tu.

Jaribu hivi. Chukua nusu karatasi, uchore madawati ya darasa lako kama yalivyopangwa, kila mtoto kisanduku chake. Kipindi kikianza, kila anapomuuliza mtoto swali, weka nukta kwenye kisanduku cha huyo mtoto. Mtoto akiuliza yeye, weka msalaba. Usiandike kingine chochote, hata ukiona kosa linalokuwasha vidole. Kipindi kikiisha mpe karatasi umuulize, "Unaona nini?" Kisha unyamaze. Nukta zitakuwa zimerundikana karibu na ubao na upande mmoja wa darasa, mara nyingi ule ambao mwalimu huelekeza bega lake anapoandika. Nyuma kutakuwa jangwa. Misalaba, kwa jinsi ulivyomweleza, huenda isiwepo hata mmoja. Hilo la safu ya mbele ulilonieleza mimi kwa sentensi nzima, yeye atalisema mwenyewe, na mtu akilisema mwenyewe habishi.

Kesho yake mgeuze. Wewe fundisha, yeye akae kwenye lile dawati na karatasi kama ile. Nawe utakuwa na jangwa lako mahali fulani, sisi sote tunalo. Akuonyeshe, umshukuru, uulize maoni yake. Baada ya hapo hawezi tena kumwambia naibu kwamba unamkalia, kwa sababu naye amekukalia.

Mazungumzo yenyewe yasifanyike kwenye chumba cha walimu mbele ya hao wanaotafuta kichekesho, wala pale mlangoni jasho lake halijakauka. Tembeeni mzunguke uwanja. Aanze yeye kusema, wewe utaje jambo moja tu la wiki hiyo, na wiki hiyo usilitaje jingine. Mwache achague yeye siku za wewe kuingia na kitu cha kutazama. Siku nyingine usiingie kabisa, kaa mahali unapoweza kuitwa, usahihishe vitabu vyako. Darasa linahitaji kumwona akiwa peke yake, mradi kusiwe kumtelekeza wiki nzima kama wafanyavyo wenzako.

Kuhusu vifaranga, ulifanya vyema kunyamaza. Ungesimama kumsahihisha, hicho kingekuwa kipindi chake cha mwisho mbele ya watoto hao, hata kama angeendelea kuingia hadi Agosti. Kosa la sarufi linaweza kungoja kesho. Kisichoweza kungoja sana ni yule msichana aliyekuwa sahihi akaambiwa aketi. Kama kijana hajalirudia jambo hilo, alirudie wiki hii: aandike ile sentensi upya, aulize darasa sentensi hiyo ina shida gani, aseme wazi kwamba fulani alimwambia na yeye hakumsikiliza. Atakuogopesha kwa visingizio, atasema watamdharau. Watoto wa Eastlands ninaowajua hawamdharau mwalimu kwa kukosea. Wanamdharau anayebishana na kitu ambacho wote wamekiona ubaoni.

Jina la "wa TP" litapotea ukiacha kulilea. Mtoto akikujia, hata ni ruhusa ya kwenda msalani, muulize, "Mwalimu wenu amesemaje?" umrudishe. Darasa likikugeukia, tazama daftari lako. Halafu mpe mada nzima iwe yake, tangu kipindi cha kwanza hadi zoezi la mwisho analotunga, kulisahihisha na kulirudisha yeye. Watoto humtambua mwalimu kwa anayeshika kalamu nyekundu.

Kuna jambo moja tu la kukufanya usimame hapo hapo katikati ya kipindi: mkono wake, au kiboko, au matusi, juu ya mtoto. Ataona walimu wazoefu shuleni kwenu wakitembea na kipande cha mpira, na atadhani ndivyo darasa linavyoshikwa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaikataza waziwazi. Mweleze kabla hajajaribu. Kesi ya namna hiyo inaweza kumfungia mlango wa TSC kabla hajaubisha.

Nakuja kwenye mstari ulioupitia haraka, nami nikaurudia. Ulisema haji kula nanyi, na ulisema hajawahi kuchanga. Uliyaweka karibu karibu bila kuyaunganisha. Mwalimu wa TP halipwi hata senti. Kama anategemea pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, zinaisha zikichelewa na zinaisha zikiwahi. Kutoka Wendani anapanda matatu ya Thika Road hadi Allsopps, anashuka, anatafuta nyingine ya Outering, na jioni vivyo hivyo. Mvua za Mei zikinyesha nauli inapandishwa palepale mlangoni na makanga, na foleni unaijua. Katika shule nyingi za umma hapa kaunti, watoto wanapata chakula cha mchana cha Dishi na County, mpango wa kaunti, kwa shilingi 5, wanagusisha tu kile kikanda cha mkononi. Mwalimu wao hana kikanda. Inawezekana kabisa maktaba si mahali pa kukukwepa, ni mahali pasipo na sufuria.

Huenda nimekosea kumsoma, kwa hiyo uliza, ila kwa adabu. Usimpelekee sahani mbele ya watu. Ongea na anayeshika mchango. Katika vyumba vya walimu nilivyokaa mimi, walimu wa TP walikula bure muhula wote na hakuna aliyelitangaza. Wote tuliongeza kidogo, basi. Vijana wanne hawawezi kuwashinda. Ongea na mwalimu wa ratiba pia, kama kipindi cha kwanza cha siku mbili tatu kinaweza kubadilishwa na cha mchana. Baada ya hapo akichelewa, mwambie bila kumung'unya maneno, kwa sababu watoto wamefika saa moja na nusu, na baadhi yao kwa miguu.

Sisemi njaa ndiyo iliyopika faili. Wapo wenye nauli na shibe wanaopika vilevile.

Naibu wako usimvamie kwa hoja za malezi ya walimu chipukizi, hazitamgusa. Mkumbushe kuwa Gredi ya 8 ya leo ndiyo itakayofanya KJSEA mwakani, ile tathmini ya mwisho wa sekondari msingi iliyoanza 2025, na kwamba wazazi watakapouliza matokeo hawataulizia mwanafunzi wa chuo aliyeondoka. Muulize nani anajua kilichofundishwa muhula huu katika madarasa yale mengine matatu. Unaweza kuuliza kwa upole kabisa. Wenzako waache, huna mamlaka juu yao na barua yako ina mambo ya kutosha.

Fomu ya siri ijaze kwa ulichokiona, kwa vitu na si kwa sifa. Usiandike "mvivu", wala usiandike "mwenye bidii" ili kumwokoa. Andika: mwezi wa kwanza maandalio yaliandikwa baada ya vipindi, tangu tarehe fulani yanaandikwa kabla. Andika kwamba lugha anaimudu vizuri sana, maana ndivyo ulivyoniambia na hujamwambia yeye hata mara moja, au kama ulimwambia, barua yako haisemi. Fomu yenyewe usimwonyeshe, lakini nusu hii ya muhula mwambie kwa mdomo ungeandika nini kama ingejazwa leo. Ana wiki za kutosha kukulazimisha uandike kingine.

Kuharibu maisha, hapana. Anayerudia TP hupoteza muda na pesa, na inauma, lakini nimefanya kazi na walimu waliorudia ambao ningewakabidhi wajukuu wangu bila wasiwasi. Atakayeumia zaidi ni kijana aliyepitishwa kwa sifa tele halafu akaachiwa Gredi ya 7 peke yake, na hilo wewe huhitaji kusimuliwa.

Ombi la kuhama usilipinge. Mwambie naibu mbele ya kijana kwamba unaomba wiki mbili za mpango huu mpya, na zikiisha akitaka bado kuhama, utamwachilia na utamkabidhi mwalimu atakayempokea zile karatasi za madawati. Nadhani atabaki, lakini akienda aende bila ugomvi.

Na mhadhiri mtafute sasa, kabla hajarudi. Nambari yake muombe kijana mwenyewe, umtumie ujumbe kijana akiwa hapo anaona unachoandika: wewe ni nani, unaingia darasani siku gani, mnachokifanyia kazi wiki hizi ni maswali kuwafikia watoto wa nyuma, na ungependa akija mkae watatu dakika kumi kabla hajafungua faili. Wahadhiri wanaozunguka shule nyingi kwa siku hawapati mwaliko kama huo mara nyingi. Akikubali, mpishe kijana azungumze kwanza.

Mwalimu mstaafu